Antrenere Akifukuzwa, Jirani Asifukuzwe

Mazungumzo ya amani katika radio, yaliyoandikwa kama yalivyosemwa



Leo tutaongea juu ya mpira. Najua kuna mtu atakayesema: "Amani ni mambo ya bunduki, mpira ni mchezo tu. Mbona mnatuchanganyia?" Ndugu yangu, ngoja kidogo. Katika mji wetu ugomvi haukuanza kila mara na bunduki. Mara nyingi ulianza na kundi la watu wenye uchungu, waliopotewa na mkubwa wao waliyempenda, wakatafuta wa kulipa. Mkubwa yule anaweza kuwa waziri. Anaweza kuwa pia antrenere wa ekipe. Moyo wa kundi ni ule ule. Kwa hiyo tuangalie historia, tuone watu walifanya nini siku antrenere alipoondoshwa au alipolaumiwa, kisha tujiulize sisi wa Likasi tunajifunza nini.

Uchungu wa wapenzi wa ekipe ni uchungu wa kweli

Kwanza tusimcheke mtu anayelia kwa sababu ya ekipe. Huku kwetu Katanga ekipe si jezi tu. Mazembe na Lupopo zilizaliwa katika mwaka mmoja, 1939, huko Lubumbashi. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya vijana, na Lupopo ikawa ekipe ya watu wa gari la moshi, hata leo wanaitwa Cheminots. Wakati ule Union Minière na kampuni ya reli walikuwa wamekwisha kuleta wafanyakazi kutoka mbali: Kasai, kaskazini ya Katanga, Rwanda, Rhodesia. Mtu alifika katika kambi hana ukoo, hana mzee wa kijiji, hana kaburi la babu yake. Siku ya Posho ilimpa unga, na siku ya Mungu, baada ya misa, ekipe ilimpa ndugu. Mluba, Mbemba, Msanga, Mlunda na Mchokwe walisimama pamoja upande mmoja wa kiwanja na kupiga kelele kwa jina moja.

Basi antrenere anayekaa miaka mingi anakuwa kama baba wa nyumba ile. Vijana wamekua wakimwona. Ushindi wao wote una uso wake. Siku anaondoshwa, watu wanasikia kama nyumba imebomolewa usiku bila wao kuulizwa. Uchungu huu si dhambi. Shida ni mahali tunapoupeleka.

Marekani: watoto waliosahauliwa kwa siku mbili

Tuanze mbali, kusudi tuone kwamba jambo hili si ugonjwa wa Waafrika peke yao. Katika Marekani kuna mpira mwingine, ule wa kubeba mikononi, na vyuo vikuu vyao vinaucheza mbele ya watu zaidi ya 100,000. Katika jimbo la Pennsylvania kuna chuo kikuu kinachoitwa Penn State. Huko mtu mmoja, Joe Paterno, alikuwa antrenere mkuu tangu mwaka wa 1966. Walimpenda kama babu yao. Mbele ya nyumba ya mpira walimsimamishia sanamu angali hai.

Mwezi wa 11 mwaka wa 2011, mmoja wa waliokuwa wasaidizi wake, Jerry Sandusky, alikamatwa na kushitakiwa kwa kuwaharibu watoto wanaume kwa muda wa miaka mingi. Watu wakauliza: wakubwa wa chuo walijua nini, na kwa nini hawakufanya zaidi? Tarehe 9 ya mwezi ule, usiku, baraza la chuo lilimwachisha Paterno kazi. Walimwambia kwa telefone.

Usiku ule ule maelfu ya wanafunzi walitoka barabarani. Walipindua motokari ya watu wa televisheni. Walirusha mawe na chupa. Polisi wakawapulizia dawa ya pilipili. Waliita jina la antrenere wao. Wasikilizaji, angalieni vizuri: kulikuwa na watoto walioumizwa, lakini usiku ule kelele yote ilikuwa kwa ajili ya antrenere.

Lakini habari haikuishia hapo. Siku mbili baadaye, tarehe 11, maelfu ya wanafunzi wa chuo kile kile walikusanyika tena usiku, sasa na mishumaa mikononi, kimya, kwa ajili ya wale watoto. Sandusky alihukumiwa mwaka wa 2012. Paterno mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwezi wa kwanza wa mwaka ule, kwa ugonjwa wa kansere.

Chuo kilikuwa kile kile, na kati ya usiku wa mawe na usiku wa mishumaa zilipita siku mbili tu. Watu walipata nafasi ya kujiuliza: "Ni nani hasa aliyeumia katika jambo hili?" Ulizo hilo mlichukue, tutalirudia.

1974: antrenere aliyehukumiwa kwa ajili ya taifa lake

Sasa turudi nyumbani. Wazee wanakumbuka mwaka wa 1974. Mwezi wa tatu, huko Kairo, Leopards ya Zaire ilichukua kombe la Afrika. Mchezo wa mwisho na Zambia ulikwisha 2 kwa 2, wakarudia siku mbili baadaye, tukashinda 2 kwa 0. Ndaye Mulamba peke yake alifunga magoli 9 katika mashindano yale. Antrenere alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia. Siku zile hakuna aliyeuliza kabila lake. Alikuwa wetu.

Mwezi wa sita wakaenda Ujerumani kwenye kombe la dunia, ekipe ya kwanza ya Afrika nyeusi kufika huko. Tarehe 14 walishindwa na Scotland 2 kwa 0, na hakuna aliyeona haya. Tarehe 18 walikutana na nani? Na Yugoslavia, nchi ya antrenere mwenyewe. Katika dakika 18 za kwanza waliingizwa magoli matatu. Dakika ya 21, golkipa wetu Kazadi Mwamba, mtoto wa Mazembe, akatolewa, akaingizwa Tubilandu. Mara moja goli la nne likaingia. Mchezo ulikwisha 9 kwa 0.

Hapo maneno yakaanza: "Vidinić ametuuza. Amewasaidia ndugu zake. Mtu wa kwao ni mtu wa kwao." Miezi mitatu mbele yake alikuwa baba wa ushindi, na sasa ni Myugoslavia tu.

Lakini historia ilisema nini baadaye? Vidinić mwenyewe alieleza kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mkubwa wa serkali aliyekuwa pale, si katika kichwa chake. Na Mwepu Ilunga, mtoto wa Mazembe pia, alieleza katika radio ya Waingereza kwamba mbele ya mchezo ule wachezaji walikuwa wamesikia kwamba hawatalipwa feza zao, hata walikataa kucheza. Basi ekipe iliingia uwanjani na moyo uliovunjika. Feza zilikuwa zimekwenda wapi? Ulizo hilo lilikuwa la hatari kuliuliza katika Zaire ya wakati ule. Kumtaja antrenere mgeni hakukuwa na hatari yo yote.

Ndugu zangu, hapa kuna fundisho kubwa. Watu wasipoweza kumwuliza mwenye mamlaka, hasira yao haizimiki. Inateremka, inatafuta mtu aliye karibu, asiye na nguvu, mwenye jina la kigeni. Kosa lilikuwa la feza na la amri, lakini hukumu ikawa ya kabila.

2010: Mjapani alipiga filimbi, Mchina akalipa

Tunakuja karibu zaidi. Mwaka wa 2010 ulikuwa mwaka wa furaha katika Katanga yote. Mwaka mmoja nyuma, 2009, Mazembe ilikuwa imechukua kombe la Afrika la mavilabu pamoja na antrenere Diego Garzitto. Katika 2010 kiti kikapewa mwingine, Lamine N'Diaye wa Senegal. Kila antrenere anapobadilishwa watu wanagawanyika: huyu anasema "wameharibu", yule anasema "walichelewa". Lakini Mazembe iliwapiga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 Lubumbashi, ikatoka 1 kwa 1 huko Tunis, ikachukua kombe tena.

Mwezi wa 12 wakaenda Abu Dhabi. Tarehe 14 waliwashinda Internacional ya Brazil 2 kwa 0, kwa magoli ya Kabangu na Kaluyituka, na Kidiaba akarukaruka kwa makalio mbele ya dunia yote. Haikupata kuonekana ekipe ya Afrika katika fainali ya mavilabu ya dunia. Tarehe 18 walicheza na Inter ya Milano. Pandev, Eto'o na Biabiany walifunga. 3 kwa 0.

Arbitri siku ile alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Na huko Lubumbashi, baada ya mchezo, watu wenye hasira waliyaendea maduka ya Wachina, wakayavunja na kuyapora.

Tusimame hapa. Arbitri ni wa Japani. Duka ni la Mchina. Japani na China ni nchi mbili, zina lugha mbili, na wazee wao walipigana vita vikali. Yule mwenye duka labda hata hakuangalia mchezo. Lakini kwa macho ya kundi, uso ulifanana, basi ikatosha.

Kuna atakayesema: "Wachina wale walikuwa na mambo yao, mishahara midogo, viwanda vya mawe, bei za makopo." Inawezekana mtu alikuwa na neno la haki juu ya mshahara wake. Basi neno la mshahara lina nyumba yake: sendika, inspeksheni ya kazi, tribinali. Ukilipeleka usiku wa mpira pamoja na jiwe, haki yako imekwisha kufa. Kesho yake hakuna atakayeongea juu ya mshahara wako, wataongea juu ya jiwe lako.

Na hatari si kwa mgeni peke yake. Tarehe 11 ya mwezi wa tano 2014, huko Kinshasa, katika kiwanja cha Tata Raphaël, Mazembe ilikuwa inashinda V.Club goli moja. Mawe yakaanza, polisi wakatupa gazi ya machozi, watu wakakanyagana kwenye milango. Watu 15 walikufa. Walikuwa Wakongomani, wapenzi wa mpira, waliotoka nyumbani kwenda kuangalia mchezo.

1992: Likasi inajua

Sasa nitataja neno ambalo kila mtu wa Likasi mwenye miaka zaidi ya 40 analijua, hata kama halisemi mezani.

Tarehe 15 ya mwezi wa nane 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza. Aliyekuwa katika kiti kile mbele yake ni Nguz a Karl-i-Bond, mtoto wa huku kwetu, wakati ule jimbo lilipokuwa likiitwa Shaba. Mmoja ametolewa, mwingine ameingia. Huku wengine walicheka na kucheza barabarani, wengine walisikia wamedharauliwa. Wakubwa wa siasa walitia mafuta katika moto ule kwa maneno yao. Na hasira iliyotoka Kinshasa ilifika Likasi, ikagonga mlango wa jirani.

Watu ambao baba zao na babu zao waliletwa na Union Minière na reli, reli ile iliyofika Ilebo mwaka wa 1928, watu waliozaliwa Panda na Kikula, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala katika shule na kwenye stasioni ya gari la moshi, wiki na miezi, wakingojea gari la kuwapeleka Kasai ambako wengi wao hawakupata kufika hata siku moja. Watoto na wazee walikufa kwa njaa na magonjwa. Katika 1993 mambo yale yale yakafika Kolwezi.

Mtu wa Katanga atasema: "Sisi pia tulikuwa na malalamiko juu ya kazi na vyeo tangu wakati wa Wabelgi." Ni kweli, malalamiko yale yana historia, na mtu asiyeyasikiliza hajengi amani. Lakini ulizeni: mama aliyeuza mihogo kwenye soko, alimwondosha Nguz yeye? Mtoto aliyekufa pale stasioni, alipiga kura Kinshasa? Na nyumba zilizoachwa, zilileta kazi? Gécamines ilipoteza mafundi wake wengi, na sisi sote tulikula hasara ile, Mkatanga na Mkasai.

Kwa hiyo ninaposema habari za Vidinić na za arbitri wa Japani, siongei juu ya mchezo. Ninaongea juu ya njia ile ile. Njia ile ina vituo vitatu. Cha kwanza ni uchungu: tumepotewa na mtu wetu. Cha pili ni uvumi: "najua aliyefanya hivi, ni watu wa fulani." Cha tatu ni kundi: mtu aliye peke yake angeona haya, lakini kati ya watu 200 haonekani. Ukikata njia kwenye kituo cha pili, cha tatu hutakiona.

Maji ya Koni

Ndugu wa Koni, ninyi mtanielewa vizuri. Maji ya Lufira yana nguvu ya kubomoa kijiji. Lakini pale Mwadingusha yamezuiliwa, yanapita katika mashini, yanatoa umeme, kisha yanateremka hadi Koni yanatoa umeme mara ya pili. Hakuna aliyeyaambia maji yasiwe na nguvu. Wameyatengenezea njia.

Hasira ya wapenzi wa ekipe nayo inahitaji njia. Nitasema nne.

Ya kwanza: tulale usiku mmoja. Habari ya antrenere kufukuzwa ikija, siku ile tusiitishe mkutano barabarani, tusiende mbele ya nyumba ya mtu. Wale wa Penn State walihitaji siku mbili tu kuona vizuri.

Ya pili: tuulize aliyeamua. Antrenere haondoshwi na kabila wala na wafanyabiashara. Anaondoshwa na komite, na komite ina prezida na sekretari. Wapenzi wa ekipe wachague watu watatu au wanne wenye kiasi, wapeleke barua, waombe maelezo: mapatano yalisema nini? feza zilitumiwa namna gani? Na komite nazo zijue: mkubwa anayekataa kueleza ndiye anayechimba mto wa uvumi. Katika 1974 watu walinyimwa maelezo, ndipo wakajitungia yao.

Ya tatu: wakubwa wa wapenzi, wale wenye ngoma na filimbi, wawe walinzi wa wimbo. Kuna nyimbo za kuchekesha ekipe ingine, hizo ni chumvi ya mpira. Lakini wimbo ukitaja kabila, au jimbo, au rangi ya mtu, mpiga ngoma aweke fimbo chini. Ngoma ikinyamaza wimbo unakufa.

Ya ine: tusivunje daraja, maana watu wanarudi. Angalieni Lamine N'Diaye. Mwaka wa 2013 kiti chake kilichukuliwa na Patrice Carteron, na Carteron akaleta kombe la Afrika la 2015. Miaka kumi ikapita, na 2023 N'Diaye yule yule akarudi Mazembe, na katika 2024 akaifikisha nusu fainali ya Afrika. Angalieni pia Florent Ibenge. Aliongoza Leopards tangu 2014, akaleta medali ya shaba ya 2015 na kombe la CHAN la 2016 kule Kigali. Mwaka wa 2019, baada ya kushindwa na Madagascar kwa penalti, alitoka. Watu walisema ndio mwisho. Lakini katika kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, Leopards ilikuwa ya ine pamoja na antrenere mwingine, Sébastien Desabre. Antrenere anakuja, anakwenda. Jirani yako ndiye atakayekuletea maji siku unaugua.

Wasikilizaji wapenzi, wazee wetu wanasema ulimi hauna mfupa. Kwa sababu hiyo nawaomba hasa vijana: ukisikia "ni watu wa fulani wametufanyia hivi", usiipitishe. Uliza: Nani aliamua? Nani aliumia? Huyu ninayemtazama sasa, alifanya nini kwa mikono yake? Kama jibu la ulizo la tatu ni "hakuna", basi rudi nyumbani. Kaa na jirani yako, mbishane juu ya mchezo mpaka usiku, na asubuhi msalimiane.

Mungu alinde mji wetu. Kwaherini, na amani iwe katika nyumba zenu.

Maulizo kwa ajili ya mazungumzo katika makundi

1. Katika kata yetu, habari ya mkubwa aliyeondoshwa inatufikia kwa njia gani? Ni nani tunaweza kumwuliza kama ni kweli?

2. Wasomeni tena wale wa usiku wa mawe na wale wa usiku wa mishumaa. Ni jambo gani lilibadilisha mioyo yao?

3. Wazee wanaokubali waeleze walichokiona Likasi katika 1992 na 1993. Wengine wasikilize bila kukatiza. Kisha tuulize: ni nani aliyemficha au kumsaidia jirani yake siku zile? Tumekwisha kumshukuru?

4. Wapenzi wa Mazembe, wa Lupopo na wa Panda walioko katika kundi wapatane juu ya jambo moja watakalofanya pamoja siku ya mchezo mkubwa unaokuja.